Jinsi ya Kuharibu Likizo Ndani ya Gari-Nyumba

Likizo ya kawaida huharibika kirahisi. Inatosha kusahau pasipoti. Likizo ya gari-nyumba, lenye vitanda, jiko, choo na bima ya bei mbaya, inahitaji maandalizi. Mwongozo huu ni wa Waswahili wa Leicester, Reading na London ambao kila mwaka ikifika Februari huanza kuambiana: "Safari hii nyumbani hatuendi, nauli zimepanda. Twende Uskoti."

Anza na njia. Chukua North Coast 500, iliyozinduliwa mwaka 2015, inayotoka kwenye ngome ya Inverness, ikazunguka pwani na milima ya kaskazini kwa maili 516, na kurudi palepale. Wenye busara huipa wiki nzima au mbili. Wewe ipe siku nne. Gawanya maili kwa siku, andika ratiba, ibandike kwenye mlango wa friji. Kule magharibi utakuta barabara zenye upana wa gari moja, watu wanapishana kwenye vijisehemu vilivyotanuliwa kando, na kondoo wamelala katikati ya lami wakicheua. Ratiba itakufa kabla ya chakula cha mchana cha siku ya kwanza. Usiibandue. Iache hapo, ili kila anayefungua friji kutafuta maziwa akumbushwe mahali mlipopaswa kuwa.

Mvua haihitaji juhudi zako. Upepo wenye unyevu hutoka Atlantiki, ukiikuta milima ya magharibi hupanda, hupoa, na kutua mzigo wake hapohapo. Fort William hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Tena ya Dar hunyesha kwa hasira, ikamaliza, watu wakatoka kuuza mahindi ya kuchoma. Ya Uskoti haina haraka. Huanza na rasharasha asubuhi, ikageuka manyunyu mchana, na jioni ikawa kitu ambacho si mvua wala si ukungu lakini kimekulowanisha hadi soksi. Kazi yako ni kukataa kuamini. Utabiri ukitaja siku tatu za mvua, sema, "Hawa jamaa hukosea sana." Pakia kaptula, kandambili na mkaa wa mishikaki. Jioni upepo ukitulia, kunjua turubai la ubavuni, kisha nenda kalale bila kulikunja. Saa nane za usiku mtaamka wote.

Sasa tufike ndani, maana huko ndiko likizo inakoharibika hasa. Watu wanne, chumba cha mita sita, makoti manne yaliyoloa yananing'inia bafuni. Mtu mmoja akumbuke kwamba hajala ugali tangu Ijumaa. Funga madirisha yote, washa jiko, songa. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, sufuria hutoa wake, na nyinyi mnatoa wenu kwa kupumua na kulalamika. Alfajiri matone yatakuwa yanateremka kwenye kioo mstari kwa mstari, yakikusanyika kwenye mpira wa dirisha, kisha yanaingia taratibu kwenye kona ya godoro la juu, analolalia shemeji. Shemeji ni mgeni, hatasema kitu. Atakaa tu kitandani ameshika mto uliolowa, akitazama dari. (Matundu ya hewa usiyazibe. Hapa sitanii: kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.)

Umeme nao usiusahau. Kambi nyingi hukupa ampea 10 au 16. Kumi ni wati 2,300 hivi, yaani jagi la kuchemshia maji peke yake linaweza kuzimaliza karibu zote. Washa jagi, hita na kikausha nywele kwa pamoja. Giza likiingia, mtume shemeji nje kwenye kisanduku cha umeme, kwa kuwa yeye ameshaloa.

Siku ya pili nenda kijiji cha Applecross kwa kupitia njia ya mlimani iitwayo Bealach na Bà. Barabara inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 626, kwa kona zilizojikunja kama nyoka aliyepigwa. Chini kabisa kuna bango kubwa linalowatahadharisha wanaojifunza udereva, wenye magari makubwa sana na wanaovuta nyumba za magurudumu.

"Baba watoto, lile bango limesema nini?"

"Limesema karibuni."

Ukifika juu utakuwa umeahidi watu kisiwa cha Skye, na kwa kweli siku ya jua huonekana. Leo utaona ukungu, na ndani ya ukungu taa za gari linaloteremka, na dereva wake, ambaye ni mwenyeji na anakwenda kazini, akikuonyesha kwa kidole kwamba mwenye kurudi kinyumenyume ni wewe.

Mvua ikikatika na upepo ukatulia, usishukuru haraka. Hiyo ndiyo saa ya usubi. Kuanzia Mei hadi Septemba wadudu hawa hutoka hasa jioni zenye unyevu na utulivu. Aliyezoea mbu wa Kigamboni atacheka mwanzoni. Mbu husikika, na mara nyingi unampata ukutani asubuhi ameshiba. Usubi huja kwa maelfu, kimya, na neti ya kawaida wanapenya. Wakati huo ndio wa kuwasha mkaa.

Matarajio yapandishe mapema. Waahidi watoto taa za kijani angani, halafu nenda Juni, mwezi ambao kule kaskazini giza kamili haliingii usiku kucha. (Wanaosali waulizane kabla ya kuondoka watafuata ratiba ipi ya Isha, la sivyo mjadala huo utakula usiku mzima, mfupi kama ulivyo.) Ziwa Ness wapeleke kwa ajili ya mnyama anayesemekana kuishi humo, ingawa ile picha yake maarufu ya mwaka 1934 ilishafichuliwa kuwa ni ya kughushi. Kisha panga foleni kwenye mvua ya John o' Groats mpige picha chini ya kibao, mkiamini mmefika ncha ya kaskazini ya bara la Uingereza. Mkishalowa vya kutosha, waambie ncha yenyewe ni Dunnet Head, maili chache magharibi, na mlipita karibu nayo asubuhi mkiikimbilia ratiba.

Limebaki la choo. Kaseti yake hubeba lita 17 hadi 20, na watu wanne walioshinda ndani kwa sababu ya mvua huijaza upesi kuliko kijitabu kinavyosema. Kuna taa nyekundu ya kukuonya. Ipuuze. Kila mmoja adhani mwenzake ameishughulikia, hadi asubuhi ya kurudisha gari, mkiwa barabarani kuelekea Inverness, na kambi yenye mahali pa kumwagia mmeiacha maili 40 nyuma.

Mwenye gari atakupokea akitabasamu, atatazama mafuta, atatazama turubai, kisha atafungua kile kimlango cha ubavuni. Kaseti isiyo tupu hukatwa kwenye amana. Soma mkataba.