Sifa za Shall na Nduguze

Washairi wamekwisha kumsifu mnazi na ngamia. Mimi nawasifu can, may, must, shall na ndugu zao, wale ambao sarufi ya Kiingereza huwaita vitenzi visaidizi. Hawana mtu wa kuwasifu, na mimi nina fimbo mbili ninazowadai.

Fadhila yao kuu ni kwamba hawainami. Kitenzi cha kawaida kikikutana na he hutwikwa s mkiani kama hamali: runs, eats, goes. Can hatwikwi. Nikiwa darasa la tano niliandika "he cans", nikidhani namtendea haki sawa na wenzake. Ndizo fimbo zenyewe. Ukubwani nikang'amua kwamba nilikosa adabu: mheshimiwa habebi begi lake. Mtazame anavyotembea. Yeye mbele, kitenzi chenye kazi nyuma, kimevuliwa s, kimevuliwa ed, kimepokonywa hata to. "He must go": anayekwenda ni go, kiti cha mbele kakalia must. Ukimuuliza must jana alikuwa wapi, hajibu. Humtuma had to amwakilishe. Na huyu ndiye msaidizi! Kwetu -nge- hubanwa tumboni mwa kitenzi, baina ya nafsi na mzizi, na kazi ikafanyika bila msafara. Angekuja, basi.

Tena ni wapole. May hutoa ruhusa na shaka kwa mdomo mmoja. Ofisi moja iliwahi kuniandikia "you may be paid", nikalala nikishukuru. Nilishukuru miezi 14, na mwenye duka hakopeshi kwa may, na karani aliyeiandika barua ile mshahara wake haukuwa na may hata siku moja, ukiingia tu, kila mwisho wa mwezi... Samahani. Tulikuwa kwenye sifa.

Mkubwa wao ni shall. Wanasheria wanampenda kwa kuwa huvuma kama amri na hungoja kama ahadi. Katiba ya Kenya ya 2010 imejaa yeye. Kifungu cha 81 kinaagiza, kwa shall, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa. Mwaka 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Upeo wakaona agizo hilo litimizwe hatua kwa hatua, sheria yake iwe tayari kufikia 27 Agosti 2015. Tarehe ikaja, ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge, kwani Kifungu cha 261 nacho kinasema Rais shall. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo.

Mimi kwa s moja nilichapwa kabla ya kengele ya mapumziko. Wabunge wale walikaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022.