Jumatatu Iliyojifanya Jumapili

Mke wangu alikuwa na mkutano wa kikazi Roma, unaomalizika Jumamosi, na ndege ya kurudi Dar ilikuwa Jumatatu usiku. Nikajilipia nauli nimfuate. "Baba Watoto, wewe panga ratiba," akaniambia, kwa sauti ileile anayotumia akinituma nyanya: tatu, mbivu, zisizobonyea.

Nikanunua daftari. Jioni nne mfululizo, mezani kwetu Tabata, nilipanga siku mbili kama mtu anayepanga harusi. Jumapili asubuhi, Makumbusho ya Vatican. Jumatatu asubuhi, Colosseum. Katikati, chemchemi ya Trevi, maana jirani yetu alishanikabidhi sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Sheikh Karume, nikamtupie humo. Alisikia kwamba ukiipa chemchemi mgongo na kurusha sarafu kwa mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, lazima utarudi Roma. Kwamba hajawahi kufika, hilo halikumsumbua.

Tiketi nilikata mwenyewe kwa simu. Kalenda ikafunguka, nikabonyeza safu ya kwanza, kwa sababu kwenye kalenda yangu ya ukutani, niliyopewa na duka la saruji, safu ya kwanza ni Jumapili. Tarehe sikuihangaikia. Colosseum, nikabonyeza safu ya pili. Naomba nieleweke: lugha yangu inasema Jumamosi ndiyo mosi na Jumapili ndiyo pili. Nilishavumilia kalenda inayoanza na pili. Sasa nani angedhani kuna watu wanaoanzia tatu? Waitaliano ni miongoni mwao.

Jumapili tukafika Vatican tumenyooka. Mlango umefungwa. Mlinzi akaitazama simu yangu, akanitazama mimi, kisha akaigusa tarehe kwa kidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto irabu. Makumbusho yale hufungwa Jumapili zote isipokuwa ya mwisho wa mwezi, nayo hii haikuwa ya mwisho. Mke wangu hakusema neno. Wenye ndoa wanakijua kimya hicho.

Tukaufuata umati hadi Uwanja wa Mtakatifu Petro, na saa sita mchana Papa akatokea dirishani kusalimu watu. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

"Na hili lilikuwa kwenye ratiba?"

"Ndiyo," nikasema.

Furaha haikudumu. Kama Jumapili yangu ilikuwa Jumatatu, basi Jumatatu yangu... Nikahesabu kwa vidole, mikono ikiwa mfukoni asione. Saa yetu ya kuingia Colosseum ilikuwa Jumanne asubuhi, na wakati huo tutakuwa angani. Pesa yenyewe hairudishwi.

Basi tukalizunguka Colosseum kwa nje. Juu ya baadhi ya matao ya chini zimebaki namba za Kirumi. Tangu lilipofunguliwa mwaka 80, mtazamaji alikwenda na kipande chenye namba, akatafuta tao lenye namba ileile, akaingia. Maelfu kwa maelfu waliingia hivyo, wengine hawajui kusoma, wala sijasikia aliyeambiwa arudi kesho. Usiku, Trevi, nikarusha sarafu ya jirani. Sarafu za mle hukusanywa na kupewa Caritas, kwa ajili ya maskini, kwa hiyo nadhani kuna mtu wa hisani alimgeuzageuza Sheikh Karume bila kujua amuweke fungu gani.

Jumatatu tukarudi Vatican kwa tiketi halali, nami nimevaa pensi. Kumbe magoti hayaingii, wala mabega. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa kanga, akanifunga kiunoni pale pale mlangoni. Hivyo ndivyo nilivyosimama chini ya dari la Sistine, ambalo Michelangelo alilichora kuanzia 1508 hadi 1512, shingo imepinda, mdomo wazi. Nikadhani watalii waliokuwa nyuma yangu wananong'ona habari za picha. Nilipotoka ndipo nilipotambua kwamba jina la kanga limekaa sawasawa kwenye makalio: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mke wangu anaapa halikuwa kusudi.

Jirani alinisubiri getini. Nilipomwambia sarafu imezama, alishangilia, kisha akauliza atarudi lini, na kama ninaweza kumkatia tiketi. Nimemwambia alete kalenda yake.