Jinsi ya Kudanganya kwa Chati Bila Kugusa Takwimu Hata Moja

Mwaka 1954 mwandishi wa habari wa Marekani, Darrell Huff, alitoa kitabu alichokiita How to Lie with Statistics. Sababu aliyoitoa ilikuwa nyepesi kueleweka: matapeli wanazijua hila hizi tayari, kwa hiyo waaminifu nao wajifunze ili wajilinde. Mwongozo huu umeandikwa kwa nia hiyo hiyo, ila unamlenga mtu ambaye Huff hakumjua, yaani yule anayetengeneza mfumo wa wavuti unaochota takwimu kwenye kanzidata na kuzichora mbele ya mkurugenzi, daktari au diwani.

Zamani chati ilichorwa kwa mkono, na mchoraji alizipitia namba zake moja moja. Leo mtu anaandika hoja ya SQL mara moja, anaiunganisha na maktaba ya kuchora kama Chart.js au D3, kisha anahamia kazi nyingine. Kuanzia hapo mashine inachora peke yake kila ukurasa unapofunguliwa. Kosa lililomo kwenye hoja linarudiwa kila siku, kwa rangi nzuri, na anayeamua kwa kuitazama chati hiyo hana njia ya kuliona. Uongo mwingi wa chati huanzia huko nyuma ya pazia, wakati kila rekodi kwenye kanzidata ni ya kweli. Basi tufuate njia inayopitiwa na takwimu, kutoka kwenye jedwali hadi kwenye kioo.

1. Chagua rekodi zinazokubaliana nawe

Ukitaka kuficha hatari, neno WHERE linatosha. Mfano wake mchungu zaidi una tarehe. Jioni ya 27 Januari 1986, wahandisi na mameneja walijadiliana kwa simu kama baridi iliyoikumba Florida ingezuia chombo cha anga Challenger kisirushwe kesho yake. Hofu ilikuwa juu ya pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Walizitazama safari zilizopata hitilafu kwenye pete hizo, na kwa kuwa hitilafu zilitokea kwenye ubaridi na kwenye joto pia, uhusiano haukuonekana. Safari ambazo hazikupata hitilafu hawakuziweka kwenye hesabu.

Chombo kilirushwa, kikapata ajali, na tume iliyoichunguza ilizirudisha safari hizo kwenye hesabu. Kati ya safari 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 66 za Fahrenheit, kama 19 za Selsiasi, au zaidi, ni 3 tu zilizokuwa na dalili za hitilafu. Zilizorushwa kwenye baridi zaidi ya hapo zilikuwa 4, na zote 4 zilikuwa nazo. Jibu lilikuwemo ndani ya rekodi zilizochujwa. Wanaanga wote 7 walikufa.

Ukitaka ukweli, kila kichujio unachokiandika kijibu swali moja: waliobaki nje ni nani, na wangesema nini? Kisha kiandike kichujio hicho chini ya chati kwa maneno ya kawaida, msomaji akione.

2. Acha siku tupu zipotee zenyewe

Hila hii haihitaji juhudi yoyote. Inakuja na SQL yenyewe. Chukua zahanati inayorekodi wagonjwa wa malaria. Jumatatu wamepatikana 14, Jumanne na Jumatano hakuna kilichoingizwa, Alhamisi 15. GROUP BY hairudishi siku isiyo na rekodi. Kivinjari kinapokea nukta mbili, kinaziweka bega kwa bega, na mstari unapita katikati yao ukiwa umenyooka. Ofisi ya wilaya inaona hali tulivu.

Lakini kilitokea nini Jumanne? Labda hakuja mgonjwa. Labda mtandao ulikatika. Labda vipimo viliisha, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Ni mambo matatu tofauti kabisa, na la tatu linataka gari la vipimo liondoke leo.

Ukitaka ukweli, tengeneza jedwali la kalenda lenye kila siku ya mwaka, kisha ulifanyie LEFT JOIN na jedwali la wagonjwa, kalenda ikitangulia. Usijaze sifuri kila penye pengo. Sifuri iwe ya siku ambayo zahanati ilifunguliwa na kuripoti kwamba haikupata mgonjwa. Siku isiyo na taarifa ibaki NULL. Chart.js ikikutana na thamani tupu, kwa kawaida yake hukata mstari mahali hapo, na mkato huo ndio taarifa unayotakiwa kuifikisha.

3. Unganisha majedwali hadi fedha ziongezeke

Ukitaka biashara ionekane inastawi, unganisha majedwali matatu kwa mkupuo mmoja. Mteja ameagiza bidhaa tatu, jumla ya agizo ni shilingi 30,000, na amelipa kwa awamu mbili. Ukiunganisha jedwali la maagizo na la bidhaa, agizo moja linakuwa rekodi tatu. Ukiongeza jedwali la malipo, kila moja ya hizo tatu inakutana na malipo mawili, zinakuwa sita. Sasa jumlisha safu ya jumla ya agizo: 180,000. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea, kwa sababu kanzidata imejibu sawasawa na ulivyouliza.

Kosa hili ni gumu kulishtukia kwa sababu maagizo yenye bidhaa moja na malipo ya mara moja hutoka sahihi. Ukijaribu kwa mteja wa namna hiyo, utaridhika na kuondoka. Ukitaka ukweli, jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, upate rekodi moja kwa kila agizo, ndipo uunganishe. Na idadi ya rekodi ihesabiwe kabla na baada ya kila JOIN.

4. Peleka mauzo ya usiku kwenye siku iliyopita

Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, na huo ni utaratibu mzuri. Tatizo huja pale tarehe inapokatwa kabla muda haujabadilishwa kuwa wa mahali. Sisi tunaotumia saa za Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo kila kilichotokea kati ya saa sita na saa tisa usiku kinahesabiwa kuwa cha jana. Kwa duka linalofungwa jioni si kitu. Kwa kituo cha mafuta, hospitali au huduma ya kutuma fedha, ni saa tatu za kila siku zilizowekwa mahali pasipo pake.

Tena iko siku ambayo kosa hili linavuka mpaka mkubwa zaidi. Malipo yaliyofanyika saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, kwenye seva ni saa 22:00 ya tarehe 30 Juni. Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wa fedha wa serikali tarehe 1 Julai. Malipo ya mwaka mpya yameingia kwenye hesabu za mwaka uliofungwa. Kwa PostgreSQL, ikiwa safu ya muda ni ya aina ya timestamptz, dawa yake ni kuandika AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' kabla ya kukata tarehe, na kufanya hivyo kwenye kila hoja bila kuruka hata moja.

5. Kata bila kusema

Ukitaka mambo yaonekane nafuu kuliko yalivyo, tupa rekodi za ziada na usimwambie mtu. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba visa 15,841 vya korona havikuwa vimeingia kwenye hesabu za kila siku. Takwimu zilikuwa zimepitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo laha yake haibebi zaidi ya mistari 65,536. Lilipojaa, kilichozidi kiliachwa. Waliopimwa walipata majibu yao, lakini watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa.

LIMIT 1000 uliyoiweka wakati wa majaribio ili ukurasa ufunguke haraka inaweza kufanya vivyo hivyo. Ukurasa ukiwa mzito, wepesi uutafute penye haki yake: acha kanzidata ijumlishe kwa siku au kwa mwezi, na upeleke kwenye simu ya mtumiaji nukta 365 badala ya rekodi milioni mbili. Kioo cha simu hakina nafasi ya kuchora nukta milioni mbili, na mwenye simu analipia kila megabaiti.

6. Panga tarehe kwa urefu wa pau

Mei 2020 idara ya afya ya jimbo la Georgia, Marekani, ilichapisha chati ya visa vya korona ambayo pau zake zilishuka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. Wasomaji walipotazama chini waliona tarehe zimechanganyika, kwa kuwa siku zilipangwa kuanzia yenye visa vingi. Serikali ya jimbo ilikiri kosa na chati ikarekebishwa. Kwa SQL ni tofauti ya neno moja baada ya ORDER BY. Wakati upangwe kwa wakati. Mikoa na bidhaa ndizo unazoweza kuzipanga kwa ukubwa.

7. Ukifika kwenye kioo, kata mhimili

Namba imepanda kutoka 96 hadi 98. Anzisha mhimili wa wima kwenye 95, na upau wa pili utakuwa na urefu mara tatu ya wa kwanza. Edward Tufte, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alipendekeza kipimo cha uongo wa aina hii: gawanya ongezeko linaloonekana kwenye mchoro kwa ongezeko lililomo kwenye takwimu. Hapa mchoro umeonyesha asilimia 200, takwimu zina asilimia 2 na kidogo. Uongo ni wa mara 96.

Upau husomwa kwa urefu wake, kwa hiyo lazima uanzie sifuri. Mstari husomwa kwa mwinuko, nao unaweza kuanzia kwingine ikiwa sababu ipo. Chati ya joto la mwili ikianzia sifuri, homa ya nyuzi 39 itafanana na afya njema.

Hila nyingine za kioo zinataka maneno machache. Chati ya duara yenye vipande kumi na mbili humfanya msomaji akisie, kwa kuwa jicho linalinganisha pau zenye mhimili mmoja vizuri kuliko pembe. Majaribio ya William Cleveland na Robert McGill ya mwaka 1984 yalilionyesha hilo. Upau wa mwezi huu, ambao bado haujaisha, utaonekana umeporomoka kila mara, basi upe rangi hafifu na uandike "haujakamilika". Na ramani ya idadi tupu kwa mikoa, iwe ya ajali au ya wateja, mara nyingi itaonyesha tu wanakoishi watu wengi. Sensa ya 2022 iliikuta Tanzania na watu 61,741,120, na 5,383,728 kati yao walikuwa Dar es Salaam. Gawa kwa idadi ya watu kabla ya kupaka rangi.

Kazi yenyewe

Inafaa kuhangaika hivi kwa sababu chati hubeba uzito ambao ripoti ndefu haina. Mwaka 1858 Florence Nightingale aliwaonyesha watawala wa Uingereza, kwa michoro ya rangi, kwamba katika vita vya Crimea askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika kuliko kwa majeraha. Michoro hiyo ilimsaidia kushinikiza mageuzi ya usafi jeshini. Nguvu hiyo hiyo iko mikononi mwa mtengeneza dashibodi ya zahanati, ya ushirika wa wakulima au ya halmashauri, na hairuhusiwi kutumika ovyo.

Kwa hiyo chini ya kila chati weka mambo manne: takwimu zimetoka wapi, zilisomwa lini, nini kimechujwa, na rekodi ngapi zimeachwa. Pembeni weka jedwali la namba zenyewe, ambalo pia litamfaa asiyeona rangi na anayesomewa ukurasa na simu. Kisha, kabla mtu yeyote hajaitumia chati hiyo kuamua jambo, chagua upau mmoja, fungua rekodi zake ghafi na uzihesabu mwenyewe moja baada ya nyingine. Rudia kwa siku yenye pengo, kwa agizo lenye malipo mawili na kwa usiku wa kuamkia 1 Julai. Namba zisipolingana, chati isitoke.