Betri Tano Zinazodanganya, Toka Mbinga Mpaka Mbamba Bay

Tuelewane kwanza: hakuna simu inayoiona chaji. Inakisia. Inahesabu umeme unaoingia na kutoka, inachungulia volti, halafu inauliza joto. Ikikosea joto, hesabu nzima imelala. Na sisi tuna barabara ya kilomita 66 tu inayotoka kwenye baridi ya Umatengo na kutua kwenye ziwa lisilofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Betri ifanyeje?

5. Simu ya mfukoni. Mwili wako unaipa joto lile lile kutwa. Hukumu: mkweli kiasi. Mwongo hapa ni mwenye simu, anayesema amefika Kigonsera na bado yuko stendi ya Songea.

4. Simu iliyolala dirishani Mbinga, Julai. Alfajiri inasoma 20, unapiga simu moja, inazima. Chaji ipo, betri ya lithiamu ikizizima hupitisha umeme kwa taabu na volti huporomoka. Hukumu: anasameheka. Mweke kwapani kama kipimajoto, atafufuka.

3. Simu kwenye usukani wa bodaboda inayoteremka ziwani saa saba mchana. Leo inachangamka, ila jua linaizeesha. Baada ya mwaka inasema mia, na ni mia kweli, ya debe lililobonyea. Hukumu: mpimaji wa sokoni.

2. Taa ya kuvulia usipa. Imechajiwa mchangani mchana kutwa, vitaa vinne vya kijani. Wavu haujazama, viwili vimezima. Vile vinasoma volti tu, tena ya betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi, ambayo siku zote hujitutumua. Hukumu: mchumba wa wiki ya kwanza.

1. Betri ya sola ya asidi, bingwa bila mpinzani. Kontrola nyingi, vile vidude vinavyosimamia chaji ya sola, huanzia hesabu kwenye nyuzi 25. Kila nyuzi ikipungua, volti ya kuchajia inatakiwa ipande, milivolti 3 hadi 5 kwa kila seli. Joto likizidi, ishuke. Betri ya volti 12 ina seli sita. Chukua 4: penye nyuzi 15 kule juu, volti 14.4 ya kuchajia inakuwa karibu 14.6, penye 35 ufukweni, karibu 14.2. Pengo ni kama nusu volti, na nusu volti ndiyo inayotenganisha betri iliyojaa na iliyobaki nusu, zote zikiwa zimetulia!

Sasa angalia tunavyofunga. Kwangu kontrola ilikuwa juu, chini ya bati, ya moto kama chapati. Betri sakafuni, baridi kama mtungi. Kontrola ikajipima yenyewe, ikaamini betri inaungua, ikakata mapema na kuwasha taa ya "imejaa". Saa mbili usiku, giza. Dawa ni waya wa sensa uliobandikwa ubavuni mwa betri yenyewe. Kontrola yako haina tundu la waya huo? Basi angalau zikae chumba kimoja, ukutani pasipo na joto la bati.

Watu wa ziwani mtasema nimewapendelea wa milimani, nimewapa mwongo anayesameheka. Njooni tubishane. Tochi nitabeba mimi.