Shemeji, Wewe ni Mchawi

Jumamosi iliyopita jioni, sebuleni kwangu, mbele ya mama mkwe, nilimtazama mdogo wake mke wangu nikamwambia kwa sauti ya ukarimu kabisa: "Karibu sana, shemeji. Wewe ni mchawi."

Mama mkwe alikuja kumsindikiza tu. Hata nusu kikombe cha chai alikuwa hajafika. Akakitua mezani taratibu, kama wakili anayetoa kielelezo.

"Nani mchawi?"

Mwenye akili angeomba radhi hapo hapo na kuongeza maandazi. Mimi nikafafanua. Nikasema si uchawi wa usiku, mama, ni wa kusomea, huyu amekaa na vitabu miaka na miaka. Haikusaidia. Nikaona bora niwatambulishe wote, aone kwamba binti yake hakuonewa. "Huyu kaka ni mwizi. Yule kwenye kochi ni mpiganaji, anaua kwa malipo. Dada huyu ana damu ya shetani kidogo upande wa babu, lakini roho yake nzuri sana."

"Na wewe, baba?"

"Mimi ndiye ninayewaongoza."

Jikoni nikasikia mwiko umesimama ndani ya sufuria.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha Marekani mwaka 1974, na kwa Kiingereza chao kumwita mgeni mchawi hakumtii mtu hatiani. Kwa Kiswahili kila mhusika ni kesi. Mchezo huu hauna ubao wala mshindi. Mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale penye shaka inarushwa dadu. Kazi yote ya msimuliaji imo katika swali moja: unafanya nini? Mengine ni mbwembwe.

Na mimi mbwembwe ninazo. Ili shemeji asipate shida, nilikuwa nimemjazia karatasi ya mhusika, nimechonga penseli, na nimeweka katikati ya meza kadi yenye alama kubwa ya X. Kadi hiyo ni ya heshima: mchezaji akikerwa na jambo, anaigusa, na jambo linaachwa bila maswali. Nilipotaka kumwonyesha shemeji sikuiona. Ilikuwa chini ya kikombe cha mama mkwe. Kwa kanuni zangu mwenyewe, jioni nzima ilishapigwa marufuku tangu sentensi ya kwanza.

Nikaendelea. Nikamweleza dadu.

Hapa nakiri kosa, ila nakiri huku natabasamu, kwa sababu dadu ya pande ishirini ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo humu ndani. Kila upande ni pembetatu. Namba zinazopeana mgongo jumla yake ni 21, kwa hiyo 20 imelala juu ya 1 kabisa, neema imekalia balaa. Kila namba ina nafasi moja kati ya ishirini, sawa, hilo hata mtoto analijua. Lakini kanuni za siku hizi zinasema hali ikikupendelea unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na hapo hesabu inageuka sukari: nafasi ya kupata 11 au zaidi inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75, na ya kuangukia 1 inashuka hadi mara moja kati ya 400. Mara 400! Nikarusha kuonyesha. Nikarusha tena. Nikawaambia kwamba jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York lina dadu ya pande ishirini ya Misri ya kale, imechongwa kwa jiwe, ina herufi za Kigiriki kila upande.

"Basi ni ramli," akasema mama mkwe.

Nilikuwa nimeongea dakika arobaini. Shemeji alikuwa anachora ua pembeni ya karatasi yake.

Safari ikaanza. Barabara ya msituni, vichaka, vibwengo wanne na pinde. Kibwengo wa kwanza akamlenga mchawi. Mimi hurusha dadu zangu wazi, mbele ya wote, kwa sababu ninajiona mtu wa haki. Ikaja 20. Mshale ukamtoa pointi 11 za uhai. Alikuwa nazo 7.

Mtu akiishiwa hafi papo hapo. Anazimia, na kila zamu yake ikifika anarusha dadu: 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari, shari tatu ni kifo, na 1 inahesabiwa shari mbili. Shemeji akarusha. Moja.

Wenzangu wakongwe wakainuka, nikadhani wanamwokoa. Walikuwa wanabishana kama kummiminia dawa mtu aliyezimia kunakula zamu nzima au nusu.

"Aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni," akasema shemeji, ambaye ni muuguzi. "Mlazeni ubavu."

Hakuna aliyemsikia. Zamu yake ilipofika tena, mpiganaji alikuwa anafukuza vibwengo, mwizi amejificha, na mwenye chupa ya dawa bado anatafuta ukurasa. Akarusha: 7.

Nitasema linalonikera, na utani nauweka pembeni. Hawa watu wamekula maandazi yangu miaka mitatu. Kila mwezi wanalalamika kwamba hatupati wageni, na mgeni akija wanamgeuzia karatasi upande wao wamchagulie: usitumie hiyo, itunze, simama huku, hapana, siyo dadu hiyo. Nikiomba mmoja aendeshe meza Jumamosi moja tu, kila mtu ana harusi. Dada wa watu anatoka zamu ya usiku, wodini anaamua mambo ya pumzi za kweli, na kwangu alikaa saa moja na nusu asiulizwe hata mara moja: unafanya nini? Swali ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa nahubiri pembetatu.

"Kwa hiyo mwanangu amekufa," akasema mama mkwe.

Nikasema ndiyo, mama, kwa bahati mbaya.

"Na hawa wanaandika nini?"

Mwizi alikuwa anajiandikia kitabu cha uchawi cha marehemu na vipande vyake kumi vya dhahabu. Wenyewe wanaita kupekua maiti, ni desturi, hakuna mkongwe asiyeijua.

"Hata hamjamzika," mama mkwe akasema, "mnagawana mirathi?"

Basi tukazika. Shemeji alichagua mahali, chini ya mti, mbali na barabara. Mpiganaji alichimba, dadu ikarushwa kuona kama kaburi ni la kina cha kutosha. Vitu vikaamriwa virudishwe vyote, na mwizi akafuta karatasi yake huku mama mkwe anamwangalia.

Jumapili alfajiri nilikanyaga dadu ya pande nne, pekupeku, kwenye korido.

Jumatatu mke wangu aliniuliza, mbele ya jirani, kama wachawi wangu wanakuja tena wiki hii.

Jumanne nikipanga karatasi nilihesabu vile vipande kumi vya dhahabu. Mwizi alirudisha vinane.