Sifa za Askari Asiye na Kituo

Binadamu amezoea kusifu vitu vinavyomfaa: mvua, jembe, mnazi, mke mwema, na hakimu asiyepokea rushwa, na sifa zake zikimzidi akawa hana pa kuzimwaga, husifu pia wafalme. Lakini, kwa kadiri ya elimu yangu, hapana mtu aliyepata kuinua kalamu kumsifu yule anayepiga simu katikati ya mchana wa kazi, akajitaja kwa sauti nzito kuwa ni mkaguzi wa polisi, au afisa wa upelelezi, au karani wa mahakama, akamweleza mwenye simu kwamba jina lake limeonekana katika jalada la dawa za kulevya au la fedha haramu, na kwamba isipokuwa kiasi fulani kitumwe kabla ya adhuhuri, pingu zitafika mlangoni kabla ya alasiri. Huyu amekuwa akilaaniwa tu. Polisi humtolea maonyo, mabenki humtolea matangazo, na waliopatwa humtolea maapizo. Na katika makelele hayo yote hapana aliyeketi akazipima fadhila zake kwa mizani isiyopendelea. Mimi naona ni dhuluma kumnyima sifa mtu aliyejitahidi kiasi hiki, na dhuluma hiyo nakusudia kuiondoa kwa insafu.

Desturi ya kumsifu mtu ni kuanza na nasaba yake, na nasaba ya bwana huyu si ya kuonewa haya. Miongoni mwa mababu zake katika fani hii yumo Wilhelm Voigt, fundi viatu wa Kijerumani aliyekwisha kutumikia vifungo kadhaa, ambaye tarehe 16 Oktoba 1906 alivaa sare ya kapteni aliyoikusanya kipande kwa kipande kutoka maduka ya mitumba, akawasimamisha njiani askari wa kweli waliokuwa wakipita, akawaamuru wamfuate, nao wakamfuata bila kuuliza; akaenda nao kwa gari moshi hata mji wa Köpenick karibu na Berlin, akamtia nguvuni meya ndani ya ofisi yake mwenyewe, na akaondoka na fedha za hazina ya mji, zaidi ya mark elfu tatu, baada ya kuzitilia saini stakabadhi. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne, lakini mwaka 1908 mfalme wa Ujerumani alimsamehe, na kisa chake kikawachekesha watu hata ng'ambo. Babu, basi, alihitaji sare, upanga, gari moshi na kikosi cha askari. Mjukuu hahitaji ila salio.

Tukitoka katika nasaba tukaingia katika bidii, twamkuta hana mshahara wa serikali, hana marupurupu, hana nyumba ya kambini wala pensheni, na juu ya hayo yote hulitumikia jina la serikali Ijumaa na Jumapili, sikukuu na siku ya kazi. Afisa wa kweli ukimpigia, huenda simu yake ikaita mpaka ikachoka. Huyu hupiga mwenyewe, na usipopokea hurudia, na ukikata hupiga tena akakuuliza, kwa upole wa kutisha, kama wajua kwamba kuikatia sheria simu ni kosa la pili. Maarifa yake ni ya kustaajabisha. Analijua jina lako kamili, na pengine nambari ya kitambulisho chako. Hukutajia kifungu cha sheria, hukupa nambari ya jalada, na akiwa fundi kweli kweli aweza kuifanya nambari inayotokea katika kioo cha simu yako ifanane na ya kituo. Kisha hukutumia hati ya kukamatwa yenye nembo, mhuri na saini tatu, katika muda ambao mhuri wa kweli ungekuwa bado unatafutiwa wino.

Lakini fadhila iliyo kubwa kupita zote ni wepesi wa haki yake. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 49, yataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na sheria ya Tanzania ya mwenendo wa makosa ya jinai nayo yataja saa hizo hizo. Na kila aliyepata kuketi katika ukumbi wa mahakama anajua kwamba baada ya saa hizo huja kutajwa kwa kesi, kisha kuahirishwa, kisha upelelezi haujakamilika, kisha shahidi amesafiri, mpaka mshtakiwa akapata wajukuu. Askari wetu ameyafupisha hayo yote yakaenea katika simu moja. Yeye ndiye mlalamikaji, mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu. Hukusomea shtaka, hukutia hatiani, hukuhukumu, kisha hukuhurumia, na kabla chai haijapoa jalada limefungwa. Dhamana yake haina wadhamini, haina barua ya mtendaji wa kijiji, haina hati ya nyumba: hutumwa kwa simu, na ukishangaa kuona jina la mpokeaji ni la bibi fulani asiye na cheo, huambiwa kuwa huyo ndiye mhasibu. Papo hapo hurudi ujumbe wa kuthibitisha kwamba fedha zimefika, na hilo ndilo neno la pekee lililo kweli katika mazungumzo yote.

Tena hana ubaguzi. Wako wanaolalamika kwamba sheria huwashika wanyonge ikawapita wakubwa. Hao hawajakutana naye. Mwaka 2024, nchini India, tajiri mmoja mwenye viwanda vya nguo, mzee wa miaka 82, aliambiwa na watu waliojitia wapelelezi wa serikali kuu kwamba anashukiwa katika shauri la fedha haramu. Wakamweka mahabusu kwa njia ya video, akawa analala na kuamka mbele ya kamera, kisha wakamwandalia kikao cha Mahakama ya Juu kwa video hiyo hiyo, ambamo hapakukosekana hata mtu wa kujifanya Jaji Mkuu. Mzee akatoa rupia milioni 70, ingawa sehemu kubwa iliokolewa baadaye na polisi wa kweli. Kamatakamata ya namna hii ilikithiri huko hata Waziri Mkuu Narendra Modi, katika hotuba yake ya redio ya tarehe 27 Oktoba 2024, akalazimika kuwatangazia wananchi kwamba hakuna katika sheria kitu kiitwacho kukamatwa kwa simu, na kuwausia watulie, wafikiri, ndipo watende. Na mwenye kutwaa mamilioni ya tajiri wa India hakuzidharau, upande wetu, shilingi elfu thelathini za mama muuza vitumbua. Ni mahakama gani nyingine inayomtoza kila mtu kwa kadiri hasa ya kile alicho nacho, mpaka senti ya mwisho?

Wala Afrika Mashariki haikuachwa nyuma katika fani hii. Mwishoni mwa mwaka 2014 moto ulizuka katika nyumba moja ya Runda, mtaa wa mabalozi na matajiri mjini Nairobi; mtu mmoja akafa, na polisi walipopekua wakakuta mitambo ya simu na intaneti pamoja na wageni kutoka China, wakakamata watu 77. Kazi ya makundi ya namna hii, kama ilivyodhihiri katika kesi zilizofuata, ilikuwa ni kuwapigia watu wa China, ng'ambo ya bahari, wakijitia polisi na waendesha mashtaka, na kuwashauri wahamishie akiba zao katika akaunti walizoziita salama. Aprili 2016 Kenya iliwapeleka China watu 45 wa Taiwan walioshukiwa kwa mambo hayo, Taipei ikalalamika kwa maneno makali kwamba raia wake wametekwa, Beijing ikajibu kwamba walioibiwa ni watu wake, na Nairobi ikajikuta katikati ya ugomvi usiokuwa wake. Ni askari gani wa kweli, awe na nyota ngapi mabegani, aliyepata kuzigombanisha serikali akiwa ameketi chumbani na waya wa simu sikioni?

Kuta za gereza nazo hazikumzuia. Katika jimbo la Georgia, Marekani, wafungwa wenye simu za magendo waliwapigia watu wakijitaja kuwa ni maafisa wa sheria, wakawaambia kwamba walikosa kuitika wito wa kuketi mahakamani katika baraza la waamuzi, na kwamba njia ya kuepuka kukamatwa ni kulipa faini mara moja kwa kadi za fedha zinazouzwa madukani. Na huko Kenya jina la gereza la Kamiti limekuwa utani wa kila anayepokea simu ya kutiliwa shaka. Yatazame mageuzi haya kwa jicho la hekima. Wataalamu wa magereza wametaabika miaka na miaka wakitafuta namna ya kumrejesha mhalifu upande wa sheria, kumbe akipewa simu tu hujirejesha mwenyewe, tena kwa cheo cha mkaguzi.

Upole wake hudhihiri zaidi kwa wazazi. "Shikamoo, mama," humwambia, "mimi ni afisa wa zamu. Kijana wako tunaye hapa kituoni, amekutwa na wenzake wabaya. Nami ni mzazi kama wewe, sipendi alale ndani." Mama, kwa fadhaa, atauliza, "Ni Juma?" Naye, ambaye hakulijua jina hilo mpaka dakika hiyo, atajibu, "Ndiye huyo huyo Juma, mama." Kisha humwusia mambo mawili: asikate simu, na asimwambie mtu, kwa kuwa upelelezi ni siri na aibu ni ya ukoo. Hapo ndipo ulipo ustadi wake wote. Wengi hudhani kwamba silaha yake ni uongo, na uongo ni mali ya kila mtu. Silaha yake hasa ni kumtenga mtu na wenzake kwa dakika ishirini, kwa maana habari ile ikisemwa kwa sauti mbele ya jirani mmoja tu, jirani ataicheka, au atampigia Juma, ambaye atapokea akiwa kazini kwake, akiuliza kuna nini.

Sasa haki yataka tuwataje na waliomsaidia, kwa maana hapana mtu mkubwa aliyejikuza peke yake. Wanaomwamini si wapumbavu. Wamo walimu, wahasibu, madaktari, na wazee waliokula chumvi nyingi. Wanamwamini kwa sababu maneno yake yanafanana na waliyoyaona au kusimuliwa: kwamba mtu aweza kukamatwa asiambiwe kosa, kwamba kituoni mambo humalizwa kwa fedha isiyo na stakabadhi, kwamba mwenye kuuliza sana huongezewa shtaka. Imeandikwa vituoni kwamba dhamana ni bure. Na lau maneno hayo yangaliingia katika desturi kama yalivyoingia katika mabango, simu ya kuomba fedha ya dhamana ingalikuwa mzaha toka neno la kwanza. Kila afisa wa kweli aliyepokea hongo kimya kimya alikuwa akimlimia na kumpandia mwenzake wa simuni, naye huyu alikuja kuvuna tu. Hofu hakuibuni yeye. Aliikuta tayari imekomaa katika nyoyo za watu, akajifunza lafudhi yake.

Ziko dosari chache, na msifu mwaminifu hazifichi. Hawezi kustahimili maswali. Mwulize jina lake, cheo chake, kituo chake na jina la mkuu wa kituo hicho, kisha mwambie kwamba unakuja huko kwa miguu yako pamoja na ndugu yako na wakili. Utaona sheria ikighadhibika, ikitukana, na mwisho ikikata simu yenyewe. Hapendi mashahidi, hapendi stakabadhi, na neno "kesho" humtia homa. Nchini Tanzania haipendi nambari 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo mwananchi huitumia kuziripoti nambari za matapeli, wala haipendi *106#, ambayo humwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa sababu aghalabu laini anayopigia yeye imesajiliwa kwa jina la maskini fulani asiyejua lolote.

Sifa zimekwisha, imebaki hukumu. Hapana sheria katika nchi zetu inayompa polisi idhini ya kudai fedha kwa simu ili asimkamate mtu, na faini halali hulipwa serikalini ikatolewa stakabadhi. Kwa hiyo, msomaji, simu hiyo ikikufikia, ikate, mweleze aliye karibu nawe, mtafute mwanao kwa nambari yake unayoijua, na moyo usipotulia nenda kituoni wewe mwenyewe. Na yeyote atakayekutaka fedha ya kukuachia utumie kwenye simu ya mtu, awe ni tapeli asiye na kituo au awe ni afisa mwenye sare na nambari kifuani, huyo ni mwizi, na ashitakiwe kwa wizi.