Ushauri kwa Mashabiki wa Mikumi na Kilosa Wenye Timu Zaidi ya Moja

Kabla ya kujibu barua ambazo wasomaji wa Mikumi, Kilosa na vijiji vya jirani wameiletea safu hii, inafaa kutenganisha vyeo vitatu ambavyo vijiweni huchanganywa na kuzaa ugomvi usio wa lazima. Mwanachama ni mtu mwenye kadi ya klabu, anayelipa ada na kupiga kura katika mkutano mkuu. Shabiki ni yeyote anayeitakia timu ushindi, awe na kadi au asiwe nayo. Na mnazi ni shabiki ambaye mapenzi yamempanda kichwani kiasi kwamba kauli yake kuhusu penalti haiwezi kupokelewa kama ushahidi. Swali la uaminifu kwa timu mbili au zaidi linamhusu shabiki peke yake, kwa kuwa mwanachama amekwisha kulijibu kwa kuchukua kadi, na mnazi hajawahi kuwa na swali lolote.

Barua ya kwanza imeletwa na kijana wa Kilosa mjini anayejiita Mkwe Mwekundu. Anaeleza kuwa ameishabikia Simba tangu utotoni, kwamba amechumbia katika nyumba ambayo baba mkwe wake mtarajiwa ni kiongozi wa tawi la Yanga, na kwamba mzee huyo hakumkataa, ila amemwagiza kupitia kwa mshenga kuwa siku ya kupeleka mahari asionekane na shati jekundu. Anauliza kama inawezekana awe Yanga ukweni na Simba kwao.

Ugumu wa jambo hili haumo katika mpira bali katika adabu. Miongoni mwa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wa Wilaya ya Kilosa, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Tanzania, mkwe na mtani ni watu wa namna mbili zilizo mbalimbali. Utani ni ruhusa ya kimila inayowapa watu wa makabila mawili, au babu na wajukuu wake, haki ya kuambiana maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangeishia baraza la kata, pamoja na wajibu wa kufika msibani na kufanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Mkwe hana ruhusa hiyo; kwake huinamisha mtu macho na kupima maneno. Sasa Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo limewapa mashabiki haki zote za utani, yaani haki ya kuitana Makolo na Utopolo mbele ya watoto, ingawa wajibu wa msibani haujatiliwa mkazo sana. Kijana huyu kwa hiyo anaingia katika nyumba ambamo mtu mmoja ni mkwe wake kwa ndoa na mtani wake kwa jezi, na hakuna mila iliyowahi kueleza mtu wa aina hiyo asalimiwe vipi asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2023, siku moja baada ya Yanga kushinda mabao 5 kwa 1, wala asubuhi ya tarehe 7 Mei 2012, siku moja baada ya Simba kushinda 5 kwa bila.

Juu ya kuwa Yanga huku na Simba kule, jibu ni hapana, na sababu yake si ya kimaadili. Mtu anaweza kuhama. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga na kuunda klabu ambayo leo ni Simba, hivyo Wekundu wa Msimbazi wote, ukiwafuatilia hadi shinani, ni uzao wa wahamaji. Na katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilimegwa tena, ikazaliwa Pan African, ambayo mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mchezaji Emmanuel Okwi alitoka Simba akaenda Yanga na kurudi Simba, mwenzake Clatous Chama akavuka kutoka Simba kwenda Jangwani, yaani Yanga, mwaka 2024, na anga haikuanguka. Lakini wote hao walihama kwa miguu yote miwili. Kinachoombwa na kijana huyu ni kusimama pande mbili kwa pamoja, na mtu wa Kilosa hahitaji kueleweshwa ugumu wake, kwani reli inayotoka kwao kupitia Mikumi inaishia Kidatu, ambako njia yenye upana wa milimita 1,000 inakutana na reli ya TAZARA yenye milimita 1,067: tofauti ni milimita 67 tu, wala haionekani kwa mtu anayepita mbali, lakini hakuna behewa linalovuka bila mzigo kushushwa na kupakiwa upya.

Kijana anashauriwa abaki Simba, kwa kuwa familia inayomwona akibadili timu kwa sababu ya mahari itaanza kujiuliza ni nini kingine atakachobadili mahari ikishapokelewa. Siku ya shughuli avae shati jeupe. Agizo la mzee lilitaja wekundu pekee, na Simba ni nyekundu na nyeupe. Kuhusu kutaniana, upo mlango ambao mila yenyewe imeuacha wazi: mshenga ni mtu anayebeba maneno ambayo wakwe hawawezi kuambiana ana kwa ana, na hakuna kanuni inayosema kazi yake inakwisha baada ya harusi. Kila baada ya mechi ya watani, anayeshinda amtume mshenga. Sharti ni kwamba mshenga huyo asiwe Simba wala asiwe Yanga, na kupatikana kwa mtu wa namna hiyo wilayani ni kugumu kuliko kupatikana kwa mahari yenyewe.

Barua ya pili imetoka kwa dereva wa bodaboda wa Mikumi mjini, mwenye kijiwe kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ambaye anashabikia Yanga, Arsenal na Real Madrid, na ambaye mkewe amemwambia kuwa mwanamume mwenye timu tatu hawezi kuaminika na mke mmoja. Anaongeza, kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, kwamba mara nyingine akitengeneza mkeka huwapa ushindi wapinzani wa Yanga.

Kuishabikia klabu ya Uingereza pamoja na ya Dar es Salaam si ugonjwa wa vijana wa leo wanaobanana katika vibanda umiza, yaani vile vyumba vya kuonyeshea mpira kwa kiingilio ambavyo jina lake linatokana na hali ya mabenchi na ya hewa. Klabu ya Simba yenyewe iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971, na kwa jina hilo la timu ya kaskazini mwa Uingereza ikatwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965 na wa pili mwaka 1966. Babu aliyekuwa akiishangilia wakati ule alikuwa na timu mbili ndani ya neno moja, na mkewe hakuandika barua popote. Hata kanuni za FIFA za uhamisho humruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu katika msimu mmoja na kuzichezea rasmi mbili kati yake. Kama anayelipwa mshahara na timu anapewa mbili, asiyelipwa hata nauli apewe tatu.

Kipimo ni kimoja: je, timu hizo hukutana? Yanga na Arsenal hazina cha kugombea, basi moyo unazitosha zote mbili. Arsenal na Real Madrid ni suala lingine. Zilikutana Aprili 2025 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Arsenal ikashinda 3 kwa bila nyumbani na 2 kwa 1 Madrid, na shabiki wa zote mbili alilazimika katika mechi hizo kujifunza mambo juu yake mwenyewe. Msomaji hakueleza alishangilia bao lipi. Mke wake bila shaka anajua, na aulizwe yeye.

Mkeka, yaani orodha ya ubashiri wa mechi kadhaa ambayo huchanika yote inapokosewa mechi moja, hauhesabiwi kuwa usaliti. Anayeweka fedha dhidi ya timu yake anajikatia bima ya huzuni, ili Yanga ikifungwa apate hela, na ikishinda apate furaha. Kasoro ya bima hii ni kwamba Yanga inaweza kutoka sare, akakosa vyote viwili, jambo ambalo kampuni za kubashiri zimelielewa mapema kuliko madereva wa bodaboda.

Mama lishe mmoja wa hapo hapo Mikumi, ambaye mabasi ya mashabiki wanaoteremka kutoka Mbeya na Iringa kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa husimama mlangoni pake, anauliza kama ni unafiki kuwa na kanga ya kijani na nyingine nyekundu, na kubadili kulingana na basi linaloingia. Si unafiki. Huyo ndiye pekee miongoni mwa walioandika ambaye timu zote mbili zimemlipa. Anaonywa tu kwamba mabasi mawili yakiingia kwa pamoja avae aproni.

Barua inayohitaji kukaliwa kwa utulivu imetoka kwa mwalimu wa Kilosa, shabiki wa Yanga, anayelalamika kuwa Simba inapocheza na timu ya nje wakubwa humhimiza aishangilie kwa sababu ya uzalendo, naye kila akijaribu mdomo hukataa kufunguka. Hayuko peke yake. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ikafungwa 2 kwa 1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, ikashinda 1 kwa bila huko Algiers na kukosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini, yapo maeneo nchini ambako maombolezo yalikuwa na harufu ya pilau. Na Simba ilipofika fainali hiyo hiyo mwaka 2025, ikafungwa 2 kwa bila na RS Berkane nchini Morocco kabla ya sare ya 1 kwa 1 Zanzibar, pilau lilipikwa katika nyumba za upande wa pili. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo klabu hizo zingefunga katika michuano ya Afrika, zawadi iliyopewa jina la goli la mama, na mabao yakafungwa. Lakini hazina ya taifa inaweza kununua bao, haiwezi kununua dua ya jirani.

Mwalimu atakosea akidhani kuwa kumshangilia mgeni anayecheza na Simba kunampa timu ya pili. Mtu wa Kilosa anayevaa jezi ya Berkane hajawa shabiki wa Berkane, na akiombwa kutaja wachezaji wake wanne atataja mmoja, tena kwa makosa. Anachofanya ni kuendelea kuwa Yanga siku ambayo Yanga haichezi. Zaidi ya hayo, anaifuatilia Simba kwa umakini ambao hata baadhi ya Wanasimba hawana: anajua nani ana kadi mbili za njano, nani goti linamsumbua, na kocha amegombana na nani. Ukihesabu saa ambazo shabiki wa Tanzania huzitumia kwa kila klabu kwa juma, si ajabu ikaonekana kwamba karibu kila mmoja ana timu mbili, ile anayoitakia heri na ile anayoitakia mabaya, na kwamba ya pili ndiyo inayomkosesha usingizi.

Hata hivyo ipo hoja ya kumfungua mwalimu mdomo, nayo ni ya hesabu badala ya uzalendo. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, huzipanga nchi kwa alama ambazo klabu zake zimevuna katika miaka mitano, na nchi 12 za juu ndizo huingiza klabu mbili katika Ligi ya Mabingwa na mbili katika Kombe la Shirikisho, ilhali nyingine huingiza moja moja. Tanzania imepata nafasi hizo nne katika miaka ya karibuni kwa jasho la klabu zote mbili, kwa hiyo Simba inapofika nusu fainali inaweka akiba ambayo msimu unaofuata Yanga nayo hula. Mwalimu hahitaji kuimba. Ashangilie alama tu, kimyakimya, na bao akilihesabu kuwa ni mchango wa mtani katika chakula cha pamoja.

Barua ya mwisho ni ya mzee wa Mikumi ambaye haulizi kitu. Anashangaa tu kwamba wajukuu zake wanamjua golikipa wa akiba wa Arsenal lakini hawajasikia habari za Mseto. Mshangao wake una haki. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1975, ikiwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo, na leo haipo katika midomo ya watu. Mtibwa Sugar, timu ya wakata miwa wa Turiani, ilichukua ubingwa mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ikashuka daraja mwaka 2024 na kupanda mwaka uliofuata, na uwanja wake wa Manungu unafikika kutoka Kilosa kwa njia ya Rudewa, Dumila na Magole bila kulala njiani. Timu zilizo umbali huo hufa kwa kukosa watu wa kuzipenda kama timu ya pili, kwa sababu nafasi ya kwanza imekwisha kuchukuliwa na Kariakoo, kwao Simba na Yanga, na ya tatu na London.

Uamuzi wa safu hii, kwa hiyo, ni kwamba shabiki wa Mikumi au Kilosa mwenye Simba au Yanga anaruhusiwa timu ya pili bila kumwomba radhi mtu yeyote, mradi timu hiyo ni ya Mkoa wa Morogoro. Na siku timu hizo mbili zinapokutana akae upande wowote autakao, lakini aingie kwa tiketi aliyoilipia.